Mvumo katika Chumba cha Asadu

12 Agosti

Nasiba amerudi Mbale leo asubuhi. Kabla ya kuondoka amenipa daftari hili na kalamu mbili, akasema, "Mama, neno lolote unalotaka kumtupia shangazi, liandike humu kwanza." Haya, naandika. Wifi yangu Ramula ametia kufuli chumba cha marehemu kaka yake, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la gurbaba yake, vazi la Kinubi la kujifunga. Anatembea nao hata msalani. Ndivyo bibi yao alivyofanya kule Bombo, anasema: matanga yakiisha chumba cha marehemu hufungwa, na hakifunguliwi mpaka mjane amalize eda na kuoga. Miezi minne na siku kumi. Asadu alikuwa mume wangu tangu sijaota jino la mwisho, na sasa sina ruhusa ya kuchukua hata shuka lake.

Mimi nalala chumba cha watoto, ukuta kwa ukuta na chake. Ramula analala sebuleni karibu na mlango, askari wa zamu. Mizinga sita ya nyuki iko nyuma ya nyumba hapa Masese, chini kuelekea ziwani. Nasiba anataka nihamie kwake Nabuyonga, huko Mbale, eda ikiisha. Nimemwambia naenda na mizinga ya baba yake au siendi. Asadu aliendesha lori la magereza maisha yake yote, na katika vyote alivyoshika, hao nyuki ndio waliokuwa wake hasa. Nikiwapoteza hao, nimempoteza mara mbili.

15 Agosti

Mvua. Ugali na mukene, dagaa wa ziwani. Ramula amesema nisicheke kwa sauti, majirani watasikia.

27 Agosti

Leo, baada ya sala ya alfajiri, nimemsikia Asadu akinyoa ndevu.

Naandika kama nilivyosikia. Alikuwa na tabia hiyo: akishika wembe huvumisha wimbo puani, wimbo usio na maneno, akifika katikati hunyamaza kidogo kusuuza wembe, kisha huendelea. Kwa sauti hiyo nimeamka miaka na miaka. Leo imetoka upande wa pili wa ukuta, ya chini na nzito. Nimeweka sikio. Ukuta ulikuwa na joto, na nje mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku.

Nimemuuliza Ramula kama amesikia kitu. "Nisikie nini?" akasema, upesi mno, akaendelea kuchambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua.

2 Septemba

Bado anavuma. Nimemwamkia. Sijui nione haya mbele ya nani, maana hakuna aliyenisikia.

11 Septemba

Nyuki wanatembea.

Nilitoka asubuhi kuanika nguo, nikawaona kwenye nyasi mbichi chini ya dirisha la Asadu. Nyuki ni mdudu wa kuruka. Ukimwona anakwenda kwa miguu, ujue pana jambo. Walikuwa wengi, wadogo kuliko kawaida, matumbo yamefupika, na mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyonusurika motoni. Walikuwa wakipanda majani, wakianguka, wakipanda tena. Nimenyoosha kidole, mmoja akakipanda mpaka kwenye pete. Hakunichoma. Alizunguka pete mara kadhaa, akaanguka.

Mizinga iko mbali kule chini. Wametembea usiku kucha, bila mabawa, waje mpaka dirishani kwake?

Ramula amekuja nyuma yangu, akatazama, akavuta ushungi mpaka machoni. "Wanamtafuta mwenyewe," akasema. Nikamwambia asiniletee mambo ya Bombo asubuhi asubuhi. Lakini nguo nimeanika upande wa mbele.

18 Septemba

Afande Yekosofati amekuja kutoka Mbale. Alikuwa askari magereza, Asadu akiendesha lori lao, na ndiye aliyemfundisha kufuga nyuki. Ramula amemweka uani kwenye kiti cha mbali, na yeye mwenyewe amekaa katikati yetu na tasbihi, kwa hiyo kila habari ya nyuki imepita juu ya kichwa chake.

Nimempelekea nyuki wachache kwenye kibakuli. Amewageuza kwa ujiti wa kiberiti.

"Mama Nasiba, hii siyo uchawi," akasema. "Hii ni dudu. Varoa. Inashika nyuki kwa mwili, inakunywa yeye. Halafu inaingia kwa kachumba ya mtoto mbele nta haijafunga, inazaa huko ndani. Mtoto ikitoka, bawa imeshaharibika."

"Utitiri," nikasema.

"Sawa, utitiri. Lakini yako hii ni mingi. Vaa kofia ya bwana, mimi nakuambia ya kufanya."

Nimevaa kofia ya Asadu yenye wavu, nikawasha bomba la moshi, nikateremka peke yangu. Nimechukua nyuki nusu kikombe kutoka kila mzinga, nikiangalia malkia asiwemo, nikawatia katika chupa yenye kifuniko cha wavu, nikawanyunyizia sukari ya unga na kuitikisa juu ya sahani nyeupe. Nyuki wanabaki ndani, weupe kama waliotoka kinuni. Utitiri unateleza, unapita wavuni. Nimeuona: bapa, rangi ya kahawia, unatembea katika sukari.

Niliporudi na sahani, akaniambia niende tena nifungue vyumba vya majana ya dume, watoto wa kiume wa nyuki, maana huko ndiko utitiri unakopenda. Nimechomoa moja kwa uma. Lilikuwa jeupe, sura imekamilika, macho ya zambarau, limelala kama mtoto aliyeogeshwa. Shingoni kwake walikuwa wamekaa watatu wanakunywa.

Mizinga miwili ina hali mbaya. Masega ya watoto yana mapengo, na vifuniko vingine vimezama na kutoboka. "Nyuki ya huku kwetu ina nguvu," Afande akasema. "Siku zote inajisafisha yenyewe. Lakini mvua ikikaa sana, chakula ikipungua, dudu inapata nafasi. Kata masega ya dume, choma. Mimi natuma dawa. Na asali usiguse mpaka dawa iishe."

Nilitaka kumwuliza habari ya sauti ya chumbani. Ramula alikuwa ananitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyeuliza.

23 Septemba

Dawa imefika. Ni chengachenga nyeupe, zinawekwa juu ya masega, zinatoa mvuke wenye harufu kali, kaka yake karafuu. Ramula amesimama mlangoni: mjane wa eda hakaribii manukato. Nimemwambia kama yuko mwanamume atakayevutwa na harufu ya dawa ya utitiri, basi huyo Mungu kaniandikia, aanze kutafuta mahari. Hakucheka. Mwishowe akanifunga leso puani yeye mwenyewe, akaikaza mpaka nikapiga chafya, ndipo akanipisha.

1 Oktoba

Nakunywa chai ya alfajiri nikiegemea ukuta. Namweleza habari za mizinga, nani ana nguvu, nani bado. Anavuma tu. Harufu ya nta na ya nguo zake inapita kwenye ufa wa mlango. Kuna jambo moja linanisumbua: hapumziki. Asadu alinyamaza katikati kusuuza wembe. Huyu hanyamazi. Labda huko aliko hakuna wembe.

7 Oktoba

Dawa ya pili. Mvua.

20 Oktoba

Nimepima yote sita. Sahani ni nyeupe, ila utitiri wa hapa na pale. Nimempigia Nasiba, nikamwambia atafute mahali pa mizinga sita, penye kivuli cha mchana. Ramula amepika pilau bila kuambiwa. Tumekula pamoja bila kugombana, na naandika hilo kwa sababu nalo ni habari.

4 Novemba

Utitiri umerudi.

Mzinga wa mperani umekufa. Niliukaribia nikajua, kwa sababu ya ukimya. Nimeinua kifuniko. Asali imo, masega yamo, nyuki hawamo. Hakuna maiti, hakuna nondo, hakuna siafu. Nyumba imeachwa chakula kikiwa mezani. Kwenye sega la kati niliona konzi moja tu ya nyuki wamemzunguka malkia, naye anatembea kutoka chumba kitupu mpaka chumba kitupu, akiingiza kichwa ndani kama mtu anayetafuta mtoto.

Nimepima mingine mitano. Sahani imekuwa kahawia. Dawa niliweka sawasawa, masega ya dume nilikata. Sielewi. Nimeketi chini kwenye tope nikalia, kwa mara ya kwanza tangu Agosti bila kuangalia nani ananiona.

8 Novemba

Afande amekuja tena, na mvua yake. Ameangalia mizinga kwa mbali, muda mrefu.

"Dawa ilifanya kazi," akasema. "Hii dudu imetoka nje. Kuna nyuki ingine hapa karibu, kwa shimo ya mti ama kwa nyumba ya mtu. Iko nakufa. Ikikosa nguvu ya kulinda mlango, hii yako inaenda kuiba asali yake. Na mwizi harudi na asali peke yake, anarudi na dudu kwa mgongo. Wewe utatibu, utatibu, itarudi tu. Tafuta hiyo nyumba."

Ramula akaangusha tasbihi.

9 Novemba

Nimezunguka nyuma, nikapita katika nyasi zilizogeuka kichaka kwa kutofyekwa tangu msiba, mpaka chini ya dirisha la Asadu. Nani huwaona nyuki kwenye ua wa nyuki? Ubao mmoja wa dirisha uko wazi kiasi cha mkono kupita. Wanaingia mbio na kutoka wazito, na wakitoka wanateremka moja kwa moja kwenye mizinga yangu. Wakati natazama, mmoja mwenye mabawa yaliyokunjamana ametokea ukingoni mwa ubao, akasimama, akaanguka miguuni kwangu.

Tangu Septemba nilidhani wanatembea kuja dirishani. Walikuwa wanaanguka kutoka humo.

Sijamwambia mtu.

10 Novemba

Sikufanya neno.

11 Novemba

Kadhalika. Nimekunywa chai ukutani.

13 Novemba

Mvumo umepungua. Sasa lazima nizuie pumzi ndipo niusikie. Ukuta umeanza kupoa. Najua ni nini, mimi si mtoto. Lakini mlango ukifunguliwa, huyo ninayemwamkia kila siku atakuwa nyuki tu, nami nitakuwa mjane kweli.

16 Novemba

Mzinga wa pili umekufa. Sasa ni minne. Huu Asadu alikuwa ameuchonga mwaka Nasiba alipoolewa, na jina la binti yake ameliandika ubavuni kwa msumari wa moto. Nimekaa na sauti ya ukutani, na huku chini nyuki wake wa kweli wanakwisha.

19 Novemba

Nimemfuata Ramula jikoni nikamwambia, "Wifi, nipe ufunguo. Chumbani kwa Asadu mna nyuki."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno tayari, na mengine yanamhusu bibi yake. Ramula aliweka mwiko chini, akafuta mikono.

"Najua," akasema. "Siku ya nne ya msiba nilifungua dirisha chumba kipate hewa. Wakaja kutoka upande wa ziwani, kundi zima, wakaingia ndani kama watu wanaoijua nyumba. Nikasema, karudi. Nikafunga mlango asiondoke tena."

"Na sauti unaisikia."

"Kila siku. Wewe ukitoka pale ukutani na kikombe chako, mimi nakaa upande wa mlangoni. Nilikuwa nakusubiri umalize."

Miezi mitatu nimemwona mlinzi wa gereza, kumbe tulikuwa zamu moja. Nilimsaidia kufungua fundo la gurbaba.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Mlango ulipofunguka, tulimwona amesimama.

Nasema nilivyoona. Kabati lilikuwa wazi, na ndani yake, katikati ya nguo zilizolegea, kanzu yake nyeupe ya Idi ilikuwa imejaa. Mabega ya kanzu yalikuwa na mabega ndani yake. Mkono mmoja umetanuka, mwingine uko ubavuni. Ramula alishika fremu ya mlango, akatoa shahada. Mimi nilisema, "Asadu," na kitu kifuani mwa kanzu kikajibu, kidogo, puani.

Masega yalianzia kwenye ubao wa kutundikia nguo, yakateremka ndani ya kanzu mpaka kiunoni, nta imeshikamana na kitambaa. Yalikuwa meusi, na mengi matupu. Sakafuni tulikanyaga nyuki wakavu, na katikati yao majana meupe yaliyotupwa, macho ya zambarau yakitutazama. Kwenye kola wezi walikuwa wanaingia na kutoka; niliwajua, walikuwa wangu. Wenyewe waliobaki walikuwa kama konzi mbili, wamejikusanya pale ambapo moyo hukaa.

Nimempigia Afande simu. "Funga dirisha kwanza," akasema, "mwizi asirudi nyumbani. Halafu pima." Nimepima. Utitiri ulikuwa mwingi mpaka sukari ikabadilika rangi. Nilipomweleza, akasema: "Pole, Mama Nasiba. Hiyo haiponi. Choma leo leo."

Ramula akaichukua simu. "Afande, Mtume amekataza kuuawa kwa nyuki. Hatuchomi. Tutawatia dawa humu ndani, dirisha limefungwa. Wakifa, wamekufa wakitibiwa."

"Sawa, Mama," akasema Afande. "Lakini hiyo dirisha isifunguliwe."

Tumekata masega ya kifuani pamoja na kitambaa, tukayaweka katika kisanduku cha mbao na malkia wao, na dawa juu, na kikombe cha maji ya sukari. Ramula hakusema lolote juu ya harufu. Amebeba godoro lake, amehamia chumbani humo.

23 Novemba

Wamenyamaza leo alasiri. Ramula alikuwa nao. Alitoka, akanitikisia kichwa, akaenda kutawadha.

24 Novemba

Mwezi wa Agosti sisi wanawake tulibaki nyumbani, wanaume wakaenda makaburini. Leo tumechimba wenyewe, mjane na dada mtu, chini ya mpapai. Tumezika kanzu na masega yake na nyuki wake. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, jembe linanasa. Ramula ameswali kando yangu, sijui sala gani. Baadaye amefua mashuka ya Asadu na kuniletea moja. Miezi mitatu nimelitaka, na sasa silitandiki.

Nimejituliza hivi: hakuwa yeye. Yeye alikuwa akinyamaza katikati. Wale hawakunyamaza mpaka walipokufa.

26 Novemba

Dawa mpya kwenye mizinga minne. Jua kidogo.

13 Desemba

Nimepima. Sahani nyeupe kwa yote minne. Nimerudia kupima kwa kutojiamini, bado nyeupe. Nyuki wanaleta chavua miguuni, ya njano na ya kijivu. Majana yamefunikwa vizuri bila pengo.

15 Desemba

Eda imekwisha. Nimeoga. Ramula amenifukiza udi, akanipaka hina, akasema nimekonda na kwamba Nasiba atadhani alikuwa akininyima chakula. Anabaki Masese kuitunza nyumba. Ameniomba dirisha la chumba aliache wazi. Nimemkatalia: harufu ya nta ya zamani huita kundi jipya. Tumesugua kabati na kuta kwa sabuni na maji ya moto. Ubao wa dirisha nimeupigilia wavu mwenyewe, Ramula akinishikia misumari. Hata nzi hapiti.

17 Desemba

Nabuyonga. Tumesafiri usiku na mizinga ikiwa imefungwa midomo, Afande mbele na dereva, mimi nyuma nimeikumbatia. Nasiba amenichagulia mahali penye kivuli, mlima wa Wanale unaonekana wote. Tumefungua asubuhi. Wametoka, wakazunguka wakisoma mahali, wakarudi ndani. Nimelala mchana kutwa. Nasiba anasema nilikoroma.

20 Desemba

Leo, baada ya sala ya alfajiri, Ramula amepiga simu. Hakunisalimu.

"Nimetazama wavu, uko vilevile," akasema. "Nimetazama kabati, ni tupu. Sikiliza mwenyewe. Simu naiweka kitandani kwake, mimi natoka nje."

Nikasikia kandambili zake zikivuka sakafu, na mlango. Kisha mbali, uani, nikamsikia akimfukuza kuku wa jirani.

Nikabana simu sikioni. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha ukaja, wa chini, puani, wimbo usio na maneno. Ukaenda mpaka katikati, ukanyamaza kiasi cha mtu kusuuza wembe, ukaendelea.

Sikutaka simu ikatike kabla hajajua.

"Asadu," nikasema, "mizinga miwili ilitushinda. Minne imefika salama."